DALILI ZINAZOBAKI BAADA YA UVIKO-19 KWA WATUMISHI WA AFYA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kwamba kupona UVIKO-19 si mara zote ndio mwisho wa athari zake. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya maradhi haya mwezi wa Mei, 2023, lakini virusi vyake bado vipo. Kwa makadirio ya Shirika hilo, katika kila watu 100 wanaougua, wapatao 6 hubakiwa na dalili.

Kwa mujibu wa maelezo ya Shirika ya mwezi wa Oktoba, 2021, hali hii kwa kawaida hubainika miezi 3 tangu kuanza maradhi, ambapo dalili hudumu si chini ya miezi 2 na hazina sababu nyengine. Zinazotajwa zaidi ni uchovu mkubwa, kukosa pumzi, kusahau na kushindwa kutuliza fikra.

Wauguzi, wakunga, madaktari, mafundi wa maabara na wafanyakazi wa usafi wa hospitali ndio wanaowapokea wagonjwa, hivyo huweza kuambukizwa zaidi ya mara moja. Kazi yao ni ya kusimama usiku kucha, kunyanyua wagonjwa na kupima dawa kwa uangalifu. Uchovu huu hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja. Mara nyingi huzidi siku moja au mbili baada ya kazi nzito. Muuguzi anayesahau huenda si mzembe bali anaumwa, na akiachwa hivyo, anayehatarika ni mgonjwa aliye kitandani.

Hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha hali hii. Kwa hiyo daktari huchunguza kwanza upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari na maradhi ya moyo.

Kutokana na hayo, inashauriwa kwamba:

(a) Mtumishi mwenye dalili hizi amuone daktari na kuzieleza zote, pamoja na tarehe zilipoanza.

(b) Mkuu wa kazi asiharakie kumhesabu kuwa mvivu, bali kwa ushauri wa daktari ampunguzie zamu za usiku na kumrejesha kazini hatua kwa hatua.

(c) Mgonjwa agawe kazi zake na apumzike kabla ya kuchoka sana.

(d) Kila mtumishi ajikinge kwa barakoa, kunawa mikono na chanjo, kwani chanjo hupunguza uwezekano wa kupata hali hii.

Walio wengi hupata nafuu kadiri muda unavyopita. Tukumbuke kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.