Imani Isiyokataza Kilio

Mtu akichomewa nyumba huku Kabambare, mashariki mwa Kongo, au akizika mtoto porini akiwa mbioni, neno la kwanza analoambiwa na Wakristo wenzake mara nyingi ni hili: usilie, mshukuru Mungu, wewe bado uko hai. Wasemao hivyo wana nia njema. Lakini sisi tunaofundisha Maandiko tuna deni la kuwaambia waumini wazi kwamba katazo hilo halitoki katika Biblia.

Fungueni kitabu cha Zaburi. Kati ya zaburi 150, karibu theluthi moja ni za kuomboleza. Nyingi zina mwendo unaofanana. Mwenye kusali anamwita Mungu, anamweleza yaliyompata bila kupunguza kitu, anauliza mateso haya yatakwisha lini, anaomba msaada, halafu anakumbuka wema aliotendewa zamani na kujitia tena mikononi mwa Bwana. Zaburi ya 13 inapita njia hiyo yote katika mistari sita tu. Ya 88 haifiki huko. Mwenye kusali analalamika toka mwanzo hadi mwisho, na neno lake la mwisho ni giza. Waliozikusanya Zaburi hawakuiongezea shukrani ili ipendeze, na Kanisa halikuiona aibu: katika Sala ya Kanisa huisali kila Ijumaa usiku, kabla ya kulala.

Kitabu cha Maombolezo kinafundisha jambo jingine. Kinaulilia mji wa Yerusalemu uliobomolewa na Wababeli karibu na mwaka 587 kabla ya Kristo. Kina sura tano, na nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata alfabeti ya Kiebrania yenye herufi 22, kila beti ikianza na herufi yake, kama zile tungo ambazo majirani zetu Waislamu wanazijua, zinazotoka alifu mpaka mwisho wa herufi. Kwa nini mtu aliyeona watoto wakifa njaa barabarani ajisumbue kupanga herufi? Mimi naamini ni kwa sababu maumivu yasiyo na mpaka humaliza mtu. Kuyapitia herufi kwa herufi kunampa mwanzo na mwisho, bila kumwambia kwamba hakuumia. Sura ya tano ina mistari 22 vilevile, lakini herufi zenyewe hazifuatani tena.

Watu wa kwetu Wamaza wanayajua mambo haya kwa miili yao. Nchi hii kati ya Kasongo na Kabambare imebeba misiba mingi kwa zamu: misafara ya watumwa na pembe za ndovu wakati wa Tippu Tip, vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 vilivyowatia watu mikononi mwa dola ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, uasi wa Simba mwaka 1964, vita vya mwaka 1996 na 1998, na baadaye wapiganaji wa Mai-Mai Malaika kule Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, hata kampuni ya Banro ikasimamisha kazi mgodini mwaka 2019. Kila mara kuna familia zinazoingia njiani na godoro, sufuria na watoto juu ya kinga, zikiacha mpunga shambani. Kumwambia mama wa namna hiyo kwamba asilie ni kumnyima sala ambayo Mungu mwenyewe amemwachia katika Maandiko.

Kuna mahubiri mabaya kuliko hayo. Nimesikia wahubiri wakiwaambia waliofukuzwa vijijini kwamba msiba umewapata kwa kukosa imani, au kwa sababu kuna mchawi katika familia. Wazee hufukuzwa nyumbani kwa maneno kama hayo, na watoto pia. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wakiwa kimya, na hapo walifanya vema. Walipofungua kinywa wakaanza kutafuta dhambi yake, na mwishoni mwa kitabu ni wao waliokaripiwa na Mungu, naye Ayubu aliyelalamika akashuhudiwa na Mungu kwamba amesema sawa. Wanafunzi nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Yesu nani ametenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe. Na pale msalabani alisali kwa Zaburi ya 22, akiuliza kwa nini ameachwa. Basi Mkristo anayeuliza vile hajakufuru.

Jimbo la Kasongo lina shahidi wake katika jambo hili. Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, alikuja hapa mwaka 1986 kama askofu mwandamizi, akawa askofu wa Kasongo mwaka 1990. Tabia yake ilijulikana zamani: mwaka 1971, Rais Mobutu alipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium, yeye, tayari padri, aliomba aandikishwe pamoja nao. Machi 1994 aliteuliwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Miezi michache baadaye wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu, na vita vikawafuata. Viongozi wa mji walipokimbia, yeye alibaki. Tarehe 29 Oktoba 1996 askari walilisimamisha gari lake mjini. Alishuka akiwa na msalaba mkononi, nao wakamwua. Neno lake linalokumbukwa sana ni kwamba kuna mambo ambayo huonwa tu na macho yaliyolia.

Neno hilo halina maana kwamba mateso ni mazuri. Munzihirwa hakuwahi kuwaambia watu wavumilie dhuluma: alisema hadharani, aliandika, aliwatetea wenyeji na wakimbizi. Aliyelia pamoja na watu anajua nani anaumia na nani anamwumiza, kwa hiyo hadanganyiki kirahisi. Maombolezo ya Biblia yana hoja ileile. Mtu anayempelekea Mungu mashtaka yake anakiri kwamba yaliyotendeka si haki, na kwamba yuko Hakimu. Ndiyo maana nawaomba wachungaji wasiharakishe msamaha. Mama aliyebakwa jana hapaswi kuulizwa leo kama ameshasamehe. Anapaswa kufikishwa kwenye kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinataka kuanzwa ndani ya muda huo. Kumsindikiza huko ni kazi ya imani sawa na rozari.

Wala hakuna anayeomboleza peke yake. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliamua kuzijenga parokia juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, ambazo wengi wetu tunaziita shirika. Kwa mtu wa Wamaza, shirika ndilo linalojua nani hakuonekana Jumapili, nani hana chumvi, nani amepokea wageni kumi waliokimbia. Kilioni, Waislamu huja kuketi mkekani pamoja na Wakristo, wala hakuna anayeuliza dini ya marehemu kabla ya kuleta kuni. Hapo ndipo Paulo anapotiiwa, yeye aliyewataka Warumi walie pamoja na wanaolia.

Katekista unayesoma haya, na wewe mama kiongozi wa shirika, nawaomba jambo moja. Katika mkutano wenu ujao someni Zaburi ya 88 yote, polepole, bila kurukia zaburi ya furaha baada yake. Kisha mpeni nafasi aliyefiwa au aliyefukuzwa aseme yaliyompata, kwa lugha yake, mpaka amalize. Msimkatize kwa mapambio.