Nyumba si Shati la Gikomba

Soko la Gikomba lina adabu zake. Muuzaji wa mitumba akitaja shilingi 400 kwa shati moja, mnunuzi hutaja 100 bila kuona haya, na baada ya mzaha na viapo viwili vitatu, wawili hao hupatana kwa 200. Hakuna anayeumia. Muuzaji alipofungua robota lake alfajiri alikwisha kupiga hesabu. Aijua bei ambayo chini yake hawezi kushuka, na kesho atauza mashati mengine.

Desturi hiyo, mpenzi msomaji, imepanda matatu ya Barabara ya Jogoo na kushukia Buruburu, Umoja na Donholm, mitaa ambayo mabango ya nyumba zinazouzwa hupaukia malangoni kwa miezi mingi.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu wa Buruburu aliyeamua kuuza nyumba yake ili agharimie matibabu ya mkewe na kurejea mashambani. Alimwita mthamini, naye akaikadiria kuwa ya shilingi milioni 12. Mnunuzi wa kwanza alikuwa kijana nadhifu. Alizunguka vyumba kwa muda wa dakika kumi, akagonga ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mwalimu, nina milioni 6 taslimu," akasema. "Soko ni baya, wajua mwenyewe." Wa pili alitaja milioni 5 na nusu. Wa tatu hakufika hata kuiona nyumba. Alimtuma dalali aulize iwapo mzee "ameanza kulegea".

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikera. Bei ya nusu haikutokana na ufa wowote ukutani. Ilitokana na habari kwamba mwenye nyumba ana mgonjwa.

Buruburu ilijengwa kwa awamu katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mtaji uliotoka kwa shirika la Uingereza la Commonwealth Development Corporation. Walimu, makarani na wauguzi walizilipia nyumba hizo kidogo kidogo, mshahara baada ya mshahara. Umoja nayo ilijengwa miaka hiyo ya 1970 kwa msaada wa Marekani, ikilenga watu wa kipato cha chini zaidi. Wengi wa wanaouza leo ni wazee hao, au watoto wao wanaogawana urithi. Hawajawahi kuuza nyumba wala hawatauza nyingine. Mtu wa namna hii hawezi kushindana na mnunuzi aliyekwisha kuzuru nyumba ishirini.

Hata hivyo, haki itendeke pande zote. Kijana yule hakusema uongo aliposema soko ni baya. Mwezi Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, na ingawa kilianza kuteremshwa Agosti mwaka huo, mkopo wa nyumba umebaki kuwa mzigo ambao mwenye mshahara wa kawaida hauwezi. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50, mikopo ya nyumba iliyokuwa katika mabenki kwa miaka mingi haikupita mno 30,000. Ndiyo sababu mwenye fedha taslimu hujiona sultani. Aidha, wapo wauzaji wanaotaja bei ya ndoto, wakijumlisha kumbukumbu za ujana wao na vyumba vya ziada vilivyoongezwa bila idhini ya baraza la jiji.

Wala simlaumu mwalimu kijana ambaye akiba yake katika chama cha ushirika inakomea milioni 7, akaja akasema wazi, "Hapa ndipo uwezo wangu unapoishia." Huyo ametaja kipimo cha mfuko wake. Ninayemlaumu ni yule mwenye milioni 15 anayetaja 6, kisha akae akingoja ugonjwa umfanyie kazi.

Na hesabu yake hata yeye mwenyewe si timamu sana. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4, na serikali humtuma mthamini wake kuikadiria mali; haitosheki na bei iliyonong'onezwa sebuleni. Aliyenunua kwa milioni 6 nyumba iliyothaminiwa kuwa ya milioni 12 atatozwa 480,000, si 240,000 alizozitenga. Tena, sheria ya mikataba inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Kabla ya hapo, muuzaji aliyekubali kwa mdomo akiwa na dhiki aweza kuamka asubuhi ya pili, akashauriwa na wanawe, na kubadili nia. Miezi ya kungoja mlangoni huwa imepotea bure.

Bango la mwalimu lingali langoni. Hospitali anailipa kwa kodi ya chumba cha nyuma na michango ya wanafunzi wake wa zamani. Mwezi uliopita yule kijana nadhifu alirudi, safari hii akitaja milioni 8. Mzee alimkaribisha chai, akamwonyesha ripoti ya mthamini, akamwomba aisome yote kwanza. Kijana aliomba nakala, akaondoka nayo.