Unapofunganya kwenda mashambani, neti iko wapi?

Ifikapo wiki ya pili ya Desemba, mkazi wa Eastlands hahitaji kalenda kujua mwezi. Abiria hujaa katika kituo cha mabasi cha Machakos, nauli hupanda, na mbele ya nyumba za Umoja, Kayole, Dandora na Jericho huonekana masanduku na magunia yakingojea mkokoteni. Ndani yake mna sukari, majani chai, mikate, sabuni, nguo za Krismasi za watoto na leso mpya ya nyanya.

Katika siku hizo wazazi wengi hupitia katika kliniki yangu kuomba dawa ya kikohozi ya kubeba safarini. Nami huwauliza swali moja: "Mmefunganya neti ngapi?" Aghalabu hucheka. Mzee mmoja wa Makongeni alinijibu hivi: "Daktari, kwani mtu huogopa mbu wa kwao?"

Msomaji, jibu la swali lake ni ndiyo. Ikiwa kwenu ni Siaya, Busia, Homa Bay, Kakamega au Kilifi, na wewe na watoto wako mmekuwa mkiishi Nairobi, basi mbu wa kwenu ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Hebu nikueleze sababu.

Mtoto aliyerudi mgonjwa

Mwezi mmoja wa Januari, saa kumi na moja alfajiri, nililetewa mvulana wa miaka 5 kutoka Umoja. Alikuwa amepata degedege usiku huo. Familia yake ilikuwa imerudi kutoka Siaya siku tisa zilizotangulia. Homa ilipoanza, mama alidhani ni mafua ya vumbi la safari. Alinunua dawa ya maji ya kuteremsha homa, na siku ya pili akaongeza dawa ya kuua viini ambayo hakuandikiwa na daktari yeyote. Hakuna aliyempima mtoto damu.

Viganja vyake vilikuwa vimegeuka vyeupe. Tulimtoboa kidole, na baada ya dakika chache kipimo kikaonyesha malaria. Tulimpa huduma ya kwanza na kumkimbiza hospitalini, ambako alidungwa sindano za artesunate na kuongezwa damu. Nashukuru kwamba alipona, ingawa alilazwa siku sita na familia ikatumia karo ya muhula mzima.

Neno alilosema mama yake siku alipokuja kunishukuru halijanitoka akilini: "Daktari, alilala na binamu zake kwenye mkeka mmoja. Mbona wao hawakuugua?"

Kinga haiji na jina la ukoo

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Binamu wale wamezaliwa na kukulia kando ya ziwa. Wameumwa na mbu mwenye malaria mara nyingi tangu utotoni, na wale waliovuka umri ule wa hatari wamejenga kinga fulani mwilini. Si kinga kamili, kwani malaria huwaua watoto wengi wa huko, hasa walio chini ya miaka mitano. Lakini mtoto mkubwa wa huko anaweza kuwa na vijidudu vya malaria damuni na bado akacheza mpira.

Mtoto wa Umoja hana kinga hiyo hata chembe. Kuitwa jina la babu yake hakumsaidii, wala kujua lugha ya nyumbani. Mbele ya malaria yeye ni sawa na mtalii aliyeshuka ndege jana kutoka Uingereza. Tofauti ni kwamba mtalii ameonywa na daktari wake, amemeza dawa ya kuzuia na amebeba neti, ilhali mtoto wako amebeba viatu vipya.

Na wewe mzazi uliyezaliwa huko, usijidanganye. Kinga ya malaria hufifia mtu akikaa miaka mingi bila kuumwa na mbu hao. Hili nalisema kwa aibu kidogo. Mimi mwenyewe nilizaliwa Busia, nikaja Nairobi kijana. Mwaka mmoja nilikwenda kuzika jamaa, nikakesha nje siku tatu bila soksi wala neti. Siku ya kumi na moja nilikuwa kazini Nairobi nikitetemeka, huku nikimwambia muuguzi wangu kwamba ni uchovu. Alinitoboa kidole bila kuniomba ruhusa, na malaria ikaonekana.

Lakini Dandora pia kuna mbu!

Wapo, tena wengi. Lakini mbu wengi wanaotunyima usingizi Eastlands ni aina ya Culex, ambao huzaana katika mitaro ya majitaka. Hao hawaenezi malaria. Malaria huenezwa na mbu jike wa aina ya Anopheles, jambo ambalo Ronald Ross alianza kulithibitisha huko India mwaka wa 1897 alipoviona vijidudu hivyo tumboni mwa mbu.

Vilevile kijidudu cha malaria huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Kisumu iko takriban mita 1,130, na joto lake humfaa mbu na kijidudu pia. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa na mbu Dandora mwaka mzima asipate malaria, kisha akaipata kwa usiku mmoja Kisumu.

Hatari kubwa zaidi iko katika kaunti za ukanda wa Ziwa Victoria na za magharibi, kisha Pwani. Nyanda za juu kama Kisii na Nandi hupata mlipuko wa mara kwa mara, na mashamba ya mpunga ya Mwea huzaa mbu wengi. Ukienda Nyeri, weka sweta juu ya mzigo. Ukienda kwingine nilikotaja, weka neti.

Neti, kamba na misumari

Serikali imekuwa ikigawa neti zilizotiwa dawa katika kaunti zenye malaria, kwa hesabu ya neti moja kwa watu wawili wa nyumba hiyo. Lakini wewe na watoto wako wanne hamkuhesabiwa. Mkifika, nyanya kwa ukarimu wake ataivua neti yake awape wageni, kisha alale bila. Au watoto wote watatandikiwa mikeka sebuleni, mahali ambapo hakuna neti wala pa kuifungia.

Kwa hiyo beba neti zenu, zilizotiwa dawa, zinazotosha vichwa vyote mnaosafiri. Funganya pia kamba ya mita kadhaa na misumari minne kwa kila neti. Usicheke, neti nyingi hurudi Nairobi zikiwa bado ndani ya karatasi kwa sababu hapakuwa na kamba. Kama watoto wanalala chini, funga pembe mbili ukutani na mbili kwenye viti, kisha uingize kingo za neti chini ya mkeka au godoro. Neti isimguse mtoto, kwa maana mbu humuuma kupitia matundu yake. Mbu huyu huuma hasa usiku hadi alfajiri, kwa hivyo watoto waingie ndani ya neti mapema.

Kwa wanaokwenda matanga na mikesha, beba suruali ndefu, soksi, shati la mikono mirefu na shuka zito. Mafuta ya kufukuza mbu yenye dawa iitwayo DEET husaidia pia, ila usimpake mtoto wa chini ya miezi 2. Dawa ya mbu ya kuchoma hupunguza mbu, lakini haichukui nafasi ya neti.

Dawa za kubeba na za kuacha

Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kununua tembe za AL, zile za kutibu malaria, akazimeza kabla ya safari ili "ajikinge". Hizo ni dawa za tiba. Kenya ilizichagua mwaka wa 2004, baada ya klorokwini na kisha SP kushindwa na malaria. Hazikai mwilini muda wa kutosha kukulinda likizo nzima. Mtu mzima aliyepimwa na kupatikana na malaria isiyo kali humeza tembe 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3, jumla tembe 24. Huzimeza pamoja na chakula au maziwa, wala hazigawani na jirani. Kipimo cha mtoto hufuata uzito wake.

Dawa za kuzuia zipo, lakini ni nyingine, nazo zinataka ushauri wa daktari. Kuna zinazoanzwa siku 1 au 2 kabla ya kusafiri, na kuna zinazoanzwa wiki 2 au 3 kabla. Nyingine huendelea kumezwa wiki 4 baada ya kurudi. Nyingine hazifai watoto wadogo au wajawazito. Basi usije kwa daktari mkoba ukiwa tayari begani. Njoo wiki tatu mapema.

Zaidi ya hayo, weka katika mfuko mmoja: kipima joto, dawa ya kuteremsha homa, pakiti za ORS na tembe za zinki kwa ajili ya kuhara, dawa ya kutibu maji ya kunywa, na tochi ya kukuongoza chooni usiku usije ukakanyaga nyoka. Anayetumia dawa za presha, kisukari, kifafa au za HIV abebe za kutosha siku zote za safari na wiki moja zaidi, maana mabasi hukosa nafasi na mvua hukata barabara. Mfuko huo uwe mkononi, usiwekwe juu ya keria ya basi. Insulini huharibiwa na joto. Mahali pasipo na friji iweke ndani ya chombo kikavu kilichofungwa vyema, kisha chombo hicho kiwe ndani ya chungu chenye maji baridi.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Mama mjamzito yumo hatarini maradufu. Katika kaunti zenye malaria nyingi, kliniki huwapa wajawazito tembe za SP za kuzuia malaria baada ya miezi mitatu ya kwanza. Nairobi hazitolewi kwa kawaida. Malaria humpunguzia mama damu na huweza kuharibu mimba. Kama safari inaweza kungoja, ingoje. Kama haiwezi, zungumza na kliniki yako kwanza na ubebe kitabu chako.

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, asikose dawa yake ya kila siku ya kuzuia malaria hata siku moja. Na usidhani mwanao amepata chanjo ya malaria kwa sababu umesikia habari zake redioni. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, na imelengwa kwa watoto wadogo wa kaunti za ukanda wa ziwa, si wa Eastlands.

Mtoto akipata homa mkiwa huko, usingoje kurudi Nairobi. Katika vijiji vingi vya kaunti hizo wapo wahudumu wa afya ya jamii wenye kipimo cha malaria na dawa. Muulize nyanya anakaa wapi siku ile ile mnapofika.

Safari haiishi mnaposhuka basi

Jambo la mwisho halina uzito mkobani, nalo ndilo lingemwokoa yule mvulana wa Umoja na degedege. Mtu aliyeumwa na mbu haugui siku hiyo. Homa huanza baada ya wiki moja au zaidi, na pengine huchelewa hata miezi mitatu. Wakati huo mmeshasahau mashambani. Watoto wamerudi shuleni, nanyi mko katika foleni ya kliniki ya Nairobi ambako kila homa huitwa mafua au taifodi.

Kwa hiyo andika tarehe ya kurudi kwenu kwenye kalenda ya ukutani, kisha uhesabu miezi mitatu. Katika muda huo, mtu yeyote wa nyumba yako akipata homa, maumivu ya kichwa, kutapika au kutetemeka, mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo. Akishikwa na degedege, akilala asiamke vizuri, akishindwa kunyonya au kunywa, akipumua kwa shida au viganja vikigeuka vyeupe, nenda hospitalini mara moja, hata kama ni usiku.

Na umwambie daktari maneno haya kabla hajakuuliza: "Tulikuwa mashambani." Ni maneno mawili tu, lakini daktari akiyasikia atajua pa kuanzia.

Nakutakia safari njema. Msalimie nyanya, na umbebee neti yake pia.