Nishati Isiyokaa Ndani ya Molekuli

Kwa miaka mingi wanabiokemia walisaka kitu ambacho hakikuwapo. Walijua kwamba seli hutumia oksijeni kuunguza chakula, na kwamba matokeo yake ni ATP, molekuli inayoendesha kazi nyingi za mwili. Kilichowashinda ni kiungo cha katikati: kemikali iliyodhaniwa kuibeba nishati ya chakula hadi kwenye ATP. Hakuna aliyeipata.

Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alieleza sababu. Nishati hiyo, alisema, haikai ndani ya molekuli yoyote. Inakaa katika tofauti iliyopo kati ya pande mbili za utando.

Elektroni zitokazo kwenye chakula hupita katika protini za utando wa ndani wa mitokondria, sehemu ya seli ambamo chakula huunguzwa, na protini hizo husukuma protoni zitoke nje. Protoni zikirundikana upande mmoja, upande huo huzidi asidi na chaji chanya. Tofauti ya umeme ni milivolti 150 hivi, kiasi kinachoonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba utando wenyewe una unene wa nanomita 6 tu. Piga hesabu: ni volti milioni 25 kwa mita.

Wengi hawakumwamini. Vidonda vya tumbo vilimfanya aache kazi Edinburgh, akakarabati jumba la kale la Glynn huko Cornwall na kuanzisha humo maabara ndogo pamoja na Jennifer Moyle.

Ushahidi mmoja ulitoka Marekani, na jaribio lake ni zuri mno kuharakishwa. Mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe walichukua kloroplasti za spinachi, ambazo kwa kawaida hutengeneza ATP kwa mwanga, wakaziloweka kwenye asidi hadi ikapenya ndani ya tando zake, kisha wakazihamishia ghafla kwenye maji ya alkali. Yote yalifanyika gizani. Hapakuwa na mwanga wala chakula cha kuunguzwa, ila tofauti ya asidi kati ya ndani na nje. ATP ikatengenezwa. Mitchell alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Protoni hurudi ndani kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP, nacho huzunguka kweli. Mwaka 1997 wanasayansi wa Japani waliuona mzunguko huo kwa hadubini. Kila duru moja hutoa ATP tatu.

Utando ukivuja, nishati hugeuka joto. Mtoto mchanga hunufaika na hilo: mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega yake yana protini inayoruhusu protoni zirudi bila kutengeneza ATP, naye hupata joto hata kabla ya kuweza kutetemeka vizuri kwa baridi.

Kemikali iitwayo dinitrofenoli nayo huvujisha utando, lakini pasipo kipimo. Katika miaka ya 1930 iliuzwa Marekani kama dawa ya kupunguza unene, na watu walikonda kweli. Wengine walipofuka kwa mtoto wa jicho. Wengine miili yao ilipanda joto bila kushuka, wakafa. Hadi leo haina dawa mahususi ya kuizuia.