Mkesha na Mdundo: Utangulizi wa Utafiti wa Disko Matanga Kisii na Nyamira

Anayetaka kuandika historia ya muziki wa kucheza usiku Kisii na Nyamira hapati klabu moja mashuhuri ya kuanzia. Wenzetu wa Chicago wanayo: Warehouse, iliyofunguliwa mwaka 1977, ambako Frankie Knuckles aliwachezesha watu mpaka alfajiri, wengi wao Weusi na Walatino mashoga, na humo ukachimbuka muziki wa house. Sisi tuna boma la mfiwa. Chini ya turubai, kwa umeme wa jenereta, ndipo vijana wengi wa vijijini walipousikia kwa mara ya kwanza mdundo wa mashine ukitikisa kifua. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji katika utafiti wa disko matanga, yaani disko la mkesha wa mazishi, na dai langu ni moja: kumbukumbu za waliocheza humo ni ushahidi wa historia, na zistahiwe kama tunavyozistahi nyaraka.

Nimelelewa na mikesha hiyo, upande wa Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti hizi mbili. Ninachokikumbuka zaidi ni mchango, na swali la kwanza ni la mchango huo. DJ alikuwa akikata wimbo palepale ulipokolea, kisha anatangaza kwamba fulani ametoa shilingi mia ili rafiki yake aondoke uwanjani. Rafiki naye, au shemeji zake, wanatoa mia mbili ili arudi. Karani ameketi mezani na daftari, tochi kwapani, anaandika kila jina. Kulipopambazuka, noti zilizokunjamana zilihesabiwa mbele ya wazee, zikasaidia kulipa mochari na kununua jeneza. Daftari kama hilo ni hazina. Linaonyesha nani alishindana na nani, ukoo gani ulijitokeza, na wimbo upi watu walikuwa tayari kuulipia. Bahati mbaya, mazishi yakiisha hakuna anayelitunza. Yaliyokuwamo yanabaki vichwani mwa watu.

Swali la pili ni la masikio. Mbona mdundo uliozaliwa mbali ukakubalika upesi hivyo milimani kwetu? Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, walizoea sauti nzito kabla spika hazijafika. Obokano, ala ya nyuzi nane, kubwa kuliko nyatiti ya Waluo, hunguruma chini kabisa, na mpigaji huurudia mzunguko uleule huku maneno yakibadilika juu yake. Ikaja benga, ambayo Christopher Monyoncho aliiimba kwa Ekegusii, lugha yetu. Wimbo wa benga ukifika mbali, mwimbaji hunyamaza, gitaa likashika usukani, na hapo ndipo wachezaji hujimwaga. Aliyekulia katika muziki huo hakuona ugeni house ya Afrika Kusini ilipofika, ikiwa na besi nzito na sehemu ndefu zisizo na maneno. Haya ni maelezo yangu. Nawaalika wataalamu wa muziki wayapime kwa kusikiliza rekodi za benga na za house kwa pamoja.

Swali la tatu ni la mamlaka. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya usiku ya wachezaji mia moja au zaidi mahali pa wazi, na sheria yenyewe ikautaja mdundo unaojirudiarudia. Nchini Kenya nako, machifu na maafisa wa utawala wamepiga marufuku disko matanga mara kwa mara, wakitaja mimba za wasichana wa shule, dhuluma za kingono na ulevi. Hofu hiyo ina msingi, na mtafiti asiifunike kwa mapenzi yake ya muziki. Wako wanawake ambao usiku ule kwao haukuwa wa raha. Ushuhuda wao ukiachwa nje, tutakuwa tumeandika historia ya wavulana tu. Wakati huohuo, marufuku haikuondoa gharama za mazishi, na familia maskini ilibaki ikitafuta njia nyingine ya kuchangisha.

Kazi iliyo mbele yetu ni kubwa, tena ni ya haraka. Dar es Salaam, muziki wa mitaani wa singeli umerekodiwa na kusambazwa duniani kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Disko zetu za kijijini bado zinasimuliwa tu. Kwa hiyo, mwanafunzi mpya, usianze na mwanamuziki maarufu. Mtafute mwenye jenereta, kwa kuwa anakumbuka alikodishwa na nani na kwa bei gani. Muulize mjane aliyechangiwa. Muulize DJ nyimbo alizokatazwa kuzipiga na aliyemkataza. Muulize msichana wa enzi hizo alirudi nyumbani na nani. Andika majibu yao kwa Ekegusii walichokisema, ndipo utafsiri, na nakala uwaachie wenyewe.