Afya: Kupunguza uzito si kulala njaa, ni kujua kipimo cha sahani

Mjini Bukavu, mtu akianza kukonda, majirani huuliza haraka kama anaugua ama kama biashara yake imeanguka. Mwili mnene ungali unahesabiwa kuwa alama ya amani nyumbani. Kwa hiyo mama ambaye muganga amemwomba apunguze kilo, kwa sababu ya tansion au ugonjwa wa kisukari, hurudi kwake na mashaka mawili: watu watasema nini, na tangu leo atakula kiasi gani?

Wengi huchagua njia ya mkato. Wanaacha kula asubuhi na mchana, wanangoja sahani moja ya magharibi. Lakini aliyeshinda njaa siku nzima hafiki mbele ya bugali akiwa na kipimo. Anakula donge la watu wawili, na sombe iliyojaa mafuta ya mawese, kiisha analala. Siku inayofuata anaanza tena, akishangaa kwa nini mizani haishuki.

Mwili unahitaji nguvu kila siku, hata ukiwa umelala. Nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Kwa wastani, mwanamke mzima anahitaji kalori karibu 2000 kwa siku, na mwanaume karibu 2500, kufuatana na umri, urefu na kazi anayofanya. Anayebeba mizigo sokoni anahitaji zaidi kuliko anayeshinda kwenye kiti cha ofisi.

Ili kupunguza uzito bila kuumiza mwili, kawaida inatosha kuondoa kalori karibu 500 kwa siku. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu kilo kwa juma mwanzoni, kiisha mwendo unakuwa wa polepole. Kushuka zaidi ya kilo moja kila juma ni haraka mno kwa watu wengi.

Kalori 500 zinatoka wapi? Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya mawese au mengine, kina kalori karibu 120. Chupa ya soda ya sentilita 33 ina karibu 140, na ndani yake sukari ya vijiko vidogo nane hivi. Gramu 100 za unga wa muhogo zina karibu 350. Basi, anayeacha soda moja, akapunguza vijiko viwili vya mafuta kwenye sehemu yake, na kukata kipande cha bugali cha gramu 35 za unga, amefikia 500. Hajaacha chakula hata kimoja. Bia nayo ihesabiwe: chupa kubwa moja inaweza kupita kalori 250.

Kitu kisichopaswa kupunguzwa ni maharagi, sambaza, mayai na mboga. Unga wa muhogo hushibisha tumbo lakini una protini kidogo sana. Mtu anaweza kuwa mnene na bado damu yake ikakosa chuma. Kipimo chepesi ni kugawanya sahani kwa macho: nusu iwe mboga kama lenga-lenga, kabichi au sombe yenye mafuta kidogo, robo iwe maharagi, samaki au nyama, robo inayobaki iwe bugali, wali, viazi au ndizi. Bugali isipite ukubwa wa ngumi yako.

Ugumu uko kwenye sahani ya pamoja. Familia nyingi hula kwenye sinia moja, na hapo hakuna anayejua amekula kiasi gani. Si lazima kuvunja desturi hiyo. Anayepunguza uzito ajigawie sehemu yake pembeni kabla ya kuanza, akae na wenzake, ale polepole.

Kutembea pia kunasaidia. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila juma. Anayepanda milima ya Kadutu kwa miguu amekwisha kuanza.

Chai na vidonge vinavyouzwa barabarani kwa kupunguza tumbo ni jambo la kuogopa. Vingi huharisha tu: kinachotoka ni maji, si mafuta, na maji hayo hurudi baada ya siku chache.

Mwenye kutumia dawa za kisukari asipunguze chakula bila kuongea na muganga, maana sukari inaweza kushuka ghafula. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mtoto wasijiwekee masharti ya kupunguza uzito wao wenyewe. Na anayekonda bila kutafuta, aende kupimwa mapema.

Kwa wengine wote, kazi inaweza kuanza leo jioni, kwa kijiko cha mafuta kinachobaki ndani ya chupa.