Simu Yajaa Moto, Picha Hazitoki

Jioni moja ya Jumatano shemeji yangu aliingia kwetu, hapa Ngagara, ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu abebaye yai. Hakukubali hata kiti. Alisema kwamba fundi mmoja wa mjini ameitazama simu ile na kutamka kuwa imeharibika ndani, na kwamba dawa yake ni moja tu: kufutwa kila kilichomo, ianze upya kama siku ilipotoka dukani. Fundi alitaka jibu kesho yake asubuhi, na ujira wake juu.

Simu yenyewe ni ya zamani ya kaka yangu, ambaye ni askari. Wasomaji wetu wanajua kuwa jeshi la Burundi lilianza kupeleka vikosi Somalia mwezi wa Desemba 2007, katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, na kwamba kwa zaidi ya miaka 15 vikosi hivyo vilikuwa vikipokezana zamu. Kaka naye alishika zamu yake. Alirudi na picha mia tatu na zaidi ndani ya simu hiyo, na nne kati ya hizo ni za mwenzake waliyelala naye hema moja, ambaye hakurudi. Mjane wake anakaa Buyenzi. Alikuwa ameomba kitu kimoja: picha moja iliyo safi, ichapwe kwenye karatasi kubwa na kutiwa kioo, ipate kuwekwa mezani siku ya kumaliza matanga, yaani Jumamosi ya juma lile lile. Ana watoto wawili. Mdogo wao hakupata kumwona baba yake.

Msomaji atauliza kwa nini picha haikupelekwa kwa WhatsApp. Ilipelekwa. Lakini WhatsApp hupunguza uzito wa picha ili ipite upesi, na ilipochapwa kwa ukubwa uliotakiwa, uso wa marehemu ulionekana kama umefunikwa na ukungu. Ndipo kaka alipochukua waya na kwenda katika sekretariati, yale maduka yetu ya kupiga chapa na kutoa nakala, ili picha itolewe katika simu kama ilivyo. Walipochomeka waya, alama ya moto ilionekana kwenye simu na asilimia zikaanza kupanda. Kompyuta ikanyamaza, kana kwamba hapana kilichoguswa. Wakajaribu mara tano. Kesho yake kaka alirudi kambini, na shemeji akaipeleka simu kwa fundi.

Mimi nilipata kufundisha shule kabla ya kuingia kazi ya ofisi, na tangu siku zile nimeona kuwa tunakosea sana katika mambo ya vyombo kwa kudhani kwamba kitu kimoja kina kazi moja. Kwa kuwa simu inaingia moto, mtu husema, "Waya ni mzima, basi ubovu uko ndani ya simu." Hapo ndipo tunapopotea njia.

Waya wa namna hii huitwa USB. Kanuni zake za kwanza zilitolewa Januari 1996 na makampuni kadhaa ya kompyuta, Intel ikiwa mojawapo, ili vyombo vya kila aina viunganishwe kwa tundu la namna moja badala ya kila chombo kuwa na tundu lake. Ukichuna gamba la waya wa kawaida utakuta nyuzi nne: nyekundu, nyeusi, kijani na nyeupe. Nyekundu na nyeusi ndizo zinazopitisha moto wa kuchaji, moto mdogo wa volti 5. Kijani na nyeupe kazi yao ni mazungumzo baina ya simu na kompyuta, na picha, nyimbo na barua hupita humo. Kwa hiyo waya mmoja ni barabara mbili zilizofungwa pamoja, na alama ya moto kwenye simu yashuhudia barabara ya kwanza tu. Ile ya pili yaweza kuwa imekatika. Tena, na hili wengi hawalijui, yaweza kuwa haikuwekwa kamwe.

Viwanda hutengeneza nyaya nyingi zenye nyuzi mbili peke yake, kwa kuwa gharama yake ni ndogo, na nyaya hizo huuzwa pamoja na taa za jua, tochi, redio ndogo na mashine za kunyolea. Katika mji wetu, ambamo umeme hauachi kukatika, ni nyumba gani isiyokuwa na taa ya kuchaji? Taa huja na waya wake, na waya huo hufanana na ule wa simu kama pacha na pacha. Ukifika usiku, mtoto huokota ulio karibu. Baada ya miezi miwili hapana mtu nyumbani anayejua upi ni upi, na juu ya gamba aghalabu hapana alama yoyote.

Kupima si kazi ngumu, wala hakuhitaji fedha. Chukua simu ya jirani ambayo unajua hutoa picha vizuri, uichomeke kwenye kompyuta ile ile kwa waya ule ule. Nayo ikinyamaza, simu yako haina kosa bado. Shaka iko kwenye waya au kwenye tundu la kompyuta. Badili waya, tundu libaki lile lile. Pasipofaa, rudisha waya, badili tundu. Jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maana abadiliye mambo matatu kwa pamoja hupona asijue alikuwa anaugua nini. Katika kompyuta kubwa za mezani, matundu ya mbele mara nyingi yamelegea kwa kuchomekwa mchana kutwa. Yale ya nyuma huwa mazima zaidi.

Usiku ule nilimwomba shemeji anionyeshe waya ambao mumewe aliutumia. Ulikuwa mweupe, mfupi, mwembamba, na nilipomwuliza ulikotoka alifikiri kidogo, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Ulikuja na taa ya jua waliyoinunua sokoni.

Nilitoa waya wangu wa kazi, nikaunganisha simu na kompyuta yangu ndogo. Safari hii kompyuta ililia kidogo, kama iliavyo ipatapo mgeni, na jina la simu likatokea kwenye skrini. Tukafungua. Ndani mlikuwa mtupu. Hapana picha hata moja. Shemeji akaketi chini. Alidhani fundi amekwisha kuzifuta.

Hazikufutwa. Hii ilikuwa sababu ya pili, na ilikuwa imejificha nyuma ya ile ya kwanza. Tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, simu inayounganishwa na kompyuta hukubali kuchaji tu, na kufunga mlango wa mafaili mpaka mwenye simu mwenyewe atoe ruhusa. Haukuwa ukorofi wa watengenezaji. Mtu anayeomba moto kwenye kompyuta ya ofisi asiyoijua, au katika duka la mtu, hapaswi kuondoka akiwa ameacha picha na barua zake zote nyuma.

Ruhusa hutolewa hivi. Fungua simu kwa namba ya siri, na uiache wazi. Skrini ikizimika, mlango waweza kufungwa tena. Weka kidole juu kabisa ya skrini, ukivute chini kama pazia. Utaona maneno yanayosema kwamba simu inachajiwa kwa USB. Yaguse, mara moja au mbili, mpaka orodha ifunguke. Simu zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, basi tafuta panapoandikwa Transfert de fichiers. Katika simu nyingine huandikwa MTP kwa kifupi. Chagua hapo, kisha uitazame kompyuta. Mwenye iPhone yeye huulizwa na simu kama anaiamini kompyuta hiyo. Akikubali na kutia namba yake ya siri, picha huonekana.

Shemeji aliijua namba ya siri. Aliitia, tukavuta pazia, tukachagua. Picha zote zilikuwapo.

Sasa yaweza kufahamika jinsi mambo yalivyopotoka. Kaka anajua habari za ruhusa, lakini kwa waya wa taa orodha ile haiwezi kutokea, kwa sababu simu haijui kama imeunganishwa na kompyuta. Yadhani imechomekwa ukutani. Fundi naye yaelekea alikuwa na waya mzuri, ila aliletewa simu iliyofungwa, maana kaka alikuwa amemwonya mkewe asimpe mtu namba ya siri. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa mlango mmoja, na milango ilikuwa miwili.

Iwapo waya ni mzima na ruhusa imetolewa, na bado pako kimya, ndipo litazamwe tundu la simu. Simu ikaayo mfukoni mwa sare huokota vumbi na nyuzi za nguo, na kila unapochomeka waya unazishindilia ndani zaidi. Dalili yake ni waya usioingia mpaka mwisho, au unaodondoka wenyewe. Zima simu, chukua kijiti cha mti cha kuchokolea meno, ukwangue polepole ukielekeza tundu chini. Usitumie sindano wala pini, usitie maji, wala usipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu. Katika simu zenye tundu lile dogo la zamani kuna vichuma vitano vilivyopangwa safu moja: vya pembeni ndivyo vya moto, vya mazungumzo viko ndani ya safu. Kichuma cha ndani kikipinda, simu huendelea kuchaji miaka mingi huku haisemi neno na kompyuta. Hapo fundi anahitajika kweli, abadili tundu. Lakini kubadili tundu hakumlazimu mtu kufuta hata picha moja.

Nasisitiza hilo kwa sababu neno "kuformati" hutamkwa siku hizi kama vile daktari wa zamani alivyokuwa akitoa kwinini kwa kila homa. Sina ugomvi na mafundi wetu; wengi ni vijana hodari, na moto wa mwaka 2013 uliopounguza soko kuu la Bujumbura, si wachache walioanza tena na meza tupu. Ila waya wenye nyuzi mbili hautapata nyuzi nne kwa simu kufutwa. Anayekutaka ufute, mwulize kwanza kama amejaribu waya mwingine, na kama simu ilikuwa wazi alipojaribu.

Upande wa kompyuta matatizo ni machache. Kompyuta ya zamani ikikutana na simu kwa mara ya kwanza huhitaji dakika kadhaa za kujitayarisha, subiri, usichomoe. Kuzima na kuwasha vyote viwili, simu na kompyuta, huondoa ukaidi mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Na kama siku imekukaribia na tundu limekufa? Picha zilizowekwa kwenye memori kadi hutoka pamoja na kadi: zima simu, itoe, uitie kwenye kisomea kadi. Bluetooth nayo hufaa, ingawa ni ya polepole. Programu kama Xender huhamisha picha kutoka simu moja hadi nyingine bila kula megabaiti, na simu ile ya pili ndiyo itakayochomekwa kwenye kompyuta. Hata WhatsApp yaweza kubeba picha bila kuipunguza, ikipelekwa kwa namna ya hati badala ya namna ya picha. Laiti tungalijua hilo mwanzoni tusingalisumbuka.

Kuna jambo la kuwaambia askari na polisi peke yao, na wake zao. Ukishatoa ile ruhusa, kompyuta huona kila kilichomo katika simu, si picha uliyoitaka tu. Katika simu ya kaka mlikuwa na picha za kambi, za magari, za nyuso za wenzake. Ndiyo maana hatukuirudisha simu sekretariati. Tulihamisha picha moja kwenye flashi tupu, na flashi ndiyo iliyokwenda kuchapwa. Yule kijana wa sekretariati alipomaliza, nilisimama karibu yake mpaka alipoifuta nakala iliyobaki kwenye kompyuta yake. Hakukasirika. Tuliporudi nyumbani flashi nayo tuliisafisha, maana kompyuta zinazoingiza flashi za watu mia kwa juma hazikosi virusi.

Picha ilikuwa tayari Ijumaa saa nane mchana, uso safi, hata vifungo vya shati vyahesabika. Jumamosi iliwekwa mezani Buyenzi. Yule mtoto mdogo alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akauliza kwa nini baba amevaa kofia ya chuma, na wageni wakapishana kumjibu.

Zile picha nyingine tatu tulizitia kwenye flashi ya pili, tukampa mama yake. Nyumbani kwa kaka waya wa taa sasa umefungwa uzi mweusi, na ule wa simu uzi wa kijani, na vyote viwili vimetundikwa juu mahali pasipofikiwa na watoto.